Kanzu Iliyokaa Sawa

Jina lake la ubatizo alilijua yeye, shangazi yake na Mungu. Wengine wote walimwita Subana, kwa sababu utotoni alikuwa haivui subana ya shangazi, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni ili sindano isiwatoboe. Alikula nayo, alilala nayo, na safari moja ilimganda kidoleni mpaka ikatolewa kwa sabuni na vilio. Shangazi ndiye aliyemlea. Wazazi wake waliachana yeye bado anatambaa, kila mmoja akashika njia yake akidhani mtoto yuko kwa mwenzake, na shangazi alipokuja kusalimia akamkuta kwa jirani, anachezea mwiko. Akambeba mgongoni akaondoka naye, na hakuna aliyekuja kumdai.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, ubavuni mwa vyumba walivyoishi. Wa mbele ulitazama barabara, na huko waliingia wateja wa sare za shule na zipu zilizokatika. Wa nyuma ulifungukia ua wa kanisa, na huko ziliingia nguo za altare: stola, ile mikanda mirefu ya padre, zilizochakaa shingoni, kanzu za watumishi wa misa zenye matone ya nta, vitambaa vilivyounguzwa na akina mama waliojitolea kupiga pasi kupita uwezo wao. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia iliyotandikwa blanketi, na pasi yenye hasira kuliko shangazi mwenyewe. Shangazi alikuwa na sheria zake. Kitambaa cheupe hakiguswi mpaka mikono ioshwe hadi viwikoni. Nguo ya altare haishonwi huku mtu anasengenya. Kwa sababu ya sheria hii ya pili, nguo nyingi za altare zilichelewa.

Humo Subana alijua kushona kabla ya kujua kusoma vizuri. Wenzake walipoanza kujitazama kwenye kioo, yeye tayari alikuwa anatazama watu kwa jicho la fundi. Mtu akipita barabarani, anaona suruali inayobana nyonga, anaona koti lililochoka mgongoni. Sura aliziona baadaye, akipata nafasi. Hata kwa Frateri ilikuwa hivyohivyo.

Frateri alikuwa kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa seminari anasomea upadre. Waseminari wakija likizo huripoti kwa paroko, na paroko wa hapo hakuwa mtu wa kuacha nguvu za bure zipotee. Alimtuma kufagia kanisa, kufundisha watoto katekisimu, kupeleka nguo kwa fundi. Basi akatokea mlango wa nyuma na furushi la stola, amevaa kanzu yake ya seminari, na Subana akaona pindo kwanza. Upande wa kushoto lilikuwa linafagia kiatu. Upande wa kulia soksi iko nje inapunga upepo.

"Frateri," akasema, "kanzu yako imelewa."

Shangazi akamkata jicho. Frateri akajitazama chini, akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Fundi wa seminari anasema niliyelewa ni mimi," akajibu. "Wewe ni wa kwanza kuisingizia kanzu."

Kesho yake akaja tena mikono mitupu, eti paroko amemtuma aulize kama stola ziko tayari. Paroko siku hiyo alikuwa safarini, na shangazi alijua, lakini alimwacha. Akampa kigoda, wembe na rundo la nguo za zamani za kufumua, maana hakuvumilia mtu mwenye mikono miwili akae bure. Frateri alikuwa mfumuaji wa ovyo kabisa, alifumua hata visivyotakiwa kufumuliwa. Lakini maneno alikuwa nayo. Aliweza kumwiga paroko akitangaza michango ya Jumapili, na shangazi, ambaye hakupenda mzaha na mambo ya kanisa, alikuwa anageukia ukuta ili asionekane anacheka.

Likizo ile ikaisha, ikaja nyingine, na nyingine. Kila likizo kigoda kilisogea kidogo kuelekea cherehani ya Subana. Walipendana, sina namna ya kulizungushazungusha. Subana alikuwa amekufa ameoza, na Frateri hali yake haikuwa na nafuu.

Alhamisi jioni shangazi alikwenda kusali na jumuiya ya akina mama, na saa hizo zilikuwa zao. Hawakufanya la kumshtua mtu. Walikaa kwenye benchi la wateja, mlango wa barabarani uko wazi, na msichana akiegemeza kichwa kwenye bega la kushoto la mvulana. Bega hilo lilikuwa chini kidogo kuliko mwenzake. Alipoliuliza, Frateri alimsimulia jambo ambalo, alisema, hajawahi kumwambia mtu. Alipokuwa mdogo alianguka kwenye ukuta wa jirani akiiba mapera, mfupa ukavunjika, naye kwa kumwogopa mama yake akanyamaza. Alivumilia maumivu, akaoga peke yake, akasema hasikii njaa pale mkono uliposhindwa kushika kijiko. Mfupa ukaunga wenyewe, ukaunga vibaya. Tangu hapo alibeba mfuko wake upande ule ili watu wadhani ni mfuko unaomwelemea.

"Mama yako hakujua?" Subana akashangaa.

"Hajui mpaka leo."

"Na habari yangu mimi utamwambia lini?"

"Likizo hii," akasema Frateri. Alisema hivyo likizo hiyo, na alishasema hivyo likizo iliyopita.

Hapa ni lazima nimlete mama mwenyewe, kwa sababu bila yeye mtu anaweza kumwona kijana huyu ni mwoga tu, na mwoga tu hakuwa. Mama yake aliuza sabuni za vipande sokoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Frateri, na wenye haraka walikuwa wameshaanza kumwita Mama Padre. Mume alishafariki. Watoto waliomtangulia huyu aliwazika wote wakiwa wachanga, na huyu naye alipopata homa ya kufa mtu, mama alikimbia kanisani, akapiga magoti akamwambia Mungu: niachie huyu, nitakurudishia mwenyewe. Homa ikashuka. Habari hiyo kila mtu aliijua, kwa kuwa kila mwaka aliitolea misa ya shukrani na baada ya misa akaisimulia nje ya mlango wa kanisa. Mtoto akakua anajua kwamba yeye ni wa kurudishwa. Akigombana na wenzake huambiwa, hivyo ndivyo anavyofanya padre? Akifaulu mtihani husemwa ni kwa sababu ni wa Mungu. Kabla hajaota ndevu alikuwa na kanisa zima linalomsubiri.

"Nikimwambia mama, nitamzika," ndivyo alivyokuwa akimjibu Subana.

Shangazi naye hakuwa kipofu. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti kwenye kitambaa cheupe, lakini kwa mambo mengine aliona vizuri sana. Jioni moja wanakunja nguo, akasema bila kumtazama mpwa wake, "Yule ni sadaka, mwanangu. Imeshawekwa altareni. Ukiichukua, sisi mlango wa nyuma tuufunge kwa matofali."

"Sijachukua kitu, shangazi."

"Basi usimpe na cha kwako."

Ushauri mzuri, ila ulikuwa umechelewa sana.

Ikafika likizo ya mwisho. Baada yake Frateri angepewa ushemasi, ngazi ya mwisho kabla ya upadre, na kwenye ushemasi ndipo mtu huulizwa na askofu mbele ya watu wote kama yuko tayari kuishi bila mke, naye hujibu kwamba anataka. Akishajibu, basi. Subana alilijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani. Kwa hiyo safari hii hakuuliza tena "lini". Kila Frateri alipoingia mlango wa nyuma, alimtazama usoni tu kuona kama ameshasema, na uso ulimjibu kwamba bado.

Aliyekuja kabla ya neno ni mama mwenyewe. Aliingia kwa mlango wa mbele, ananukia sabuni, amekumbatia kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kitambaa cha bei, laini, kizito, kinachoanguka vizuri. Alitaka kanzu nyeupe ya altareni, ile wanayoiita alba, ndiyo zawadi yake kwa mwanawe.

"Asijue," akasema, akicheka kama msichana. "Nataka aivae siku ya kujaribu ndio ajue. Nimewaletea shati lake la kupimia."

Alipoondoka, shangazi alilitandaza shati mezani. Lilikuwa la zamani, la enzi za uvulana, kola imegeuzwa. Kisha akamtazama Subana kwa muda.

"Mimi weupe siuoni. Utakata wewe. Fuata shati, umenisikia? Kanzu ikikaa vibaya, kosa ni la shati."

Subana alinawa mikono hadi viwikoni. Alikuwa na nia ya kutii, hilo namtetea. Aliliweka shati juu ya kitambaa, akashika chaki, akaanza kuchora kulifuata. Lakini shati lilikuwa la mtoto, na mwenye kuvaa alikuwa mtu mzima ambaye yeye alimjua upana kwa mikono yake. Alimwona amesimama mbele ya askofu, kanzu imebana kifuani, upande mmoja unafagia sakafu, watu wa nyuma wananong'onezana. Akaona haiwezekani. Kama ndiyo nguo ya kumchukua, basi isimchukue amekaa kama kichekesho. Akaliondoa shati, akakata alichokijua. Kifua akakipa nafasi yake. Mkono akauongeza. Mshono wa bega la kushoto akaukata chini kidogo kuliko wa kulia.

Alishona akilia, na machozi ya aina hiyo yana usumbufu wake, maana nta na kutu hutoka kwenye kitambaa cheupe ukijua dawa, lakini doa la chozi hakujua dawa yake, na ilimbidi ageuze uso kila mara ili asilowanishe mshono. Je, alijua anachofanya? Nadhani mkono mmoja ulijua. Kuna kitu ndani yake kilichokuwa kimechoka kungoja.

Siku ya kujaribu walikuja wote wawili, mama na mwana. Frateri alidhani anamsindikiza mama kuchukua nguo yake. Alipoiona ile kanzu mikononi mwa Subana alisimama pale mlangoni, uso ukampauka.

"Ingia, baba, vaa," mama yake akamhimiza. "Ni yako hiyo!"

Aliweka mfuko chini, akavaa. Kanzu ikashuka, ikatulia. Mbele ikawa sawa na nyuma, kushoto sawa na kulia, pindo likaizunguka miguu yake bila kugusa sakafu. Hata shangazi, pamoja na macho yake, alitoa sauti ndogo ya mtu wa kazi anapoona kazi. Kisha akakumbuka shati, akaiziba midomo kwa mkono.

Mama Frateri aliinama. Alilipitisha pindo vidoleni taratibu, akamzunguka mwanawe mpaka akarudi alipoanzia. Akasimama, akaweka kiganja kwenye bega la kushoto, kwenye ule mshono uliokatwa chini. Akalitazama shati lililokunjwa mezani, kisha akamtazama Subana.

"Umejuaje, fundi?"

Subana alifungua mdomo. Kabla hajapata neno, Frateri akadakia, "Fundi mzuri hupima kwa macho, mama. Si ndiyo kazi yao?" Akacheka, kicheko kikavu.

Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado uko begani. "Kuna jambo unataka kuniambia, mwanangu?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya kumwuliza mtoto kama ameumia wapi.

Subana alimtazama Frateri, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kwa kuiba, alimtazama wazi mbele ya mama na shangazi, amsaidie kama kutazama kunasaidia. Sasa, akawaza. Sema sasa, tumekwisha kufika.

"Hapana, mama," Frateri akasema. "Nimefurahi tu. Ahsante."

Walipoondoka, shangazi hakumgombeza. Alikwenda akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, akaweka maji ya chai jikoni, akaketi karibu na mpwa wake.

Asubuhi iliyofuata Mama Frateri alirudi peke yake. Shangazi alimwona kupitia dirishani, akasema "Jikaze," kisha akajipa safari ya kununua uzi. Mama aliketi kwenye benchi la wateja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Subana zaidi.

"Sikuja kugombana, mwanangu. Nilitaka tu nikuulize. Jana nilimwuliza fundi. Mbona alijibu mteja?"

Subana akainamisha kichwa.

"Lile bega nalijua," mama akaendelea. "Nilipokuja kuligundua lilikuwa limeshaunga. Nilimkuta anaoga, nikasimama nyuma ya mlango nikaona. Sikusema neno. Nikajiambia, ngoja, mtoto wangu huyu, ataniambia mwenyewe. Nangoja mpaka leo. Sasa jana naona kanzu imelijua. Ile kanzu iliambiwa. Mimi niliyemzaa sikuambiwa, wewe uliambiwa. Basi nikajua yote."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Hebu nisikilize." Alifungua mtandio, akaufunga upya. "Nadhiri niliiweka mimi. Lakini nilikwenda zamani kwa paroko wa kabla ya huyu nikamwuliza, mtoto akikua akakataa je? Akaniambia, mama, mtu hawezi kuapiwa na mwingine. Nadhiri yako ni yako. Akitaka, aende. Asipotaka, wewe utasali, utatoa unachoweza, na Mungu anakuelewa. Sikumwambia mtu hilo. Nilipenda kuitwa Mama Frateri, nikwambie ukweli wangu? Nilipenda. Nilikuwa mwanamke wa kuzika watoto, nikawa mwanamke anayepishwa njia. Kila likizo nangoja aseme, na kila likizo naomba asiseme. Lakini akisema, sitamzuia. Jana nilimpa nafasi. Ulimwona."

"Mwambie hivyohivyo, mama," Subana akasema. "Mwambie tu humzuii. Anaogopa atakuua."

Mama akatikisa kichwa. "Nilishamchagulia mara moja, kabla hajajua kusema. Sitamchagulia mara ya pili."

Akainuka. Mlangoni akageuka, akamtazama msichana kwa huruma ambayo Subana angependa zaidi iwe chuki. "Wewe fanya unaloona," akasema. "Mdomo ni wako."

Subana hakungoja hata kuzima pasi. Alitoka kwa mlango wa nyuma mbio, subana ikiwa bado kidoleni, anaruka madimbwi ya uani, na kama kuna siku moja katika maisha yake aliyokuwa na furaha isiyo na doa, ilikuwa ni ule mwendo mfupi kutoka dukani hadi ukumbi wa parokia. Frateri alikuwa ukumbini, anapanga viti vya plastiki.

"Anajua!" Subana akamwambia akihema. "Mama yako anajua, na amesema ukimwambia hatakuzuia. Amesema kwa mdomo wake! Bega pia analijua tangu zamani. Hatakufa. Hakuna wa kufa."

Alitarajia atamnyanyua juu. Frateri alibaki ameshika kiti. Akakiweka chini, akakikalia, akawa anatazama sakafu.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza.

Subana alidhani hakusikia sawasawa. "Nini?"

"Miaka yote hii nilikuwa nasema ni mama." Alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Usiku nikiwaza, nasema ni mama. Nikikosa usingizi, ni mama. Sasa umeniondolea."

"Kwa hiyo siyo mama?"

"Mimi sijui ni nani, Fundi. Nikivua hii kanzu nitakuwa nani? Tangu nizaliwe mimi ni wa kwenda huko. Hakuna mtu mtaani anayejua jina langu. Hata wewe unaniita Frateri."

Ilikuwa kweli. Miaka yote, hata kichwa kikiwa begani kwake, alimwita hivyo, kwa utani kwanza na kwa mazoea baadaye. Subana alipiga magoti mbele ya kile kiti na kumwita jina lake, lile alilobatizwa, mara ya kwanza tangu wajuane. Frateri alilia. Alimshika mikono akalia kwa sauti mle ukumbini, na Subana akajipa moyo kwamba mtu analia hivyo anapofungua kitu.

"Nipe mpaka jioni," Frateri akasema. "Nitakuja mlango wa nyuma."

Subana aliufungua mlango wa nyuma mapema, akauegemeza kwa tofali ili upepo usiufunge. Shangazi aliona, akaenda kulala mapema kwa kusingizia kichwa. Jioni ikaingia, taa za uani zikawashwa, mlinzi wa kanisa akapita akasalimu. Aliyengojwa hakupita.

Siku ya ushemasi Subana hakutaka kwenda, lakini kazi haina huruma: mafundi husubiri sakristia, chumba cha mapadre kuvalia, wakiwa na pini na sindano, maana hakuna sherehe isiyokatika kifungo. Alisimama nyuma ya pazia. Hakuona kitu, alisikia tu. Askofu aliuliza, kanisa likatulia, na ile sauti aliyoifahamu ikajibu, "Ndiyo, nataka." Haikusita, wala haikutetemeka. Hapo ndipo alipoumia hasa. Laiti angesita kidogo tu, angeweza kuishi na kule kusita maisha yake yote. Vigelegele vikapigwa. Shangazi alimsogelea akamkumbatia kwa nyuma, akamshikilia hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Shemasi akawa padre, padre akapelekwa parokia ya mbali. Alikuja mara mojamoja, akamsalimu shangazi kwa heshima, na kwa Subana akasema "Habari za kazi?" kama mtu anayeuliza njia. Subana alijibu kwamba nzuri. Mwashi mmoja mwenye tabia njema alimposa. Alijaribu kumpenda kwa bidii ya kweli, akashindwa, na kwa kuwa hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwambia ukweli. Shangazi alifariki. Duka likabaki na fundi mmoja na cherehani mbili.

Na Mama Padre, kama alivyoitwa sasa na kila mtu, alianza kupita pale akitoka sokoni. Mwanzoni alileta vipande vya sabuni, akaviweka mezani akaondoka. Halafu akawa anaketi kidogo. Halafu akawa anaketi mpaka jioni, anafumua nguo za zamani, na yeye alikuwa mfumuaji mzuri. Ya kale hawakuyagusa. Miguu ilipoanza kumvimba, Subana ndiye aliyemchotea maji. Alipoacha kwenda sokoni, Subana ndiye aliyempikia, kisha akamhamishia chumba cha shangazi, ili asiwe anavuka barabara na sufuria kila saa. Padre alituma salamu na baraka, na mama alizipokea, akazisifia kwa wageni.

Asubuhi moja alimpeleka kliniki. Walingoja kwenye benchi, mama ameegemea ubavuni mwake, mpaka muuguzi akawaita. Alikuwa muuguzi mgeni, hajui habari za mtaa. Alimbonyeza mama miguu, akauliza anakula nini, analala vipi, na kila swali Subana ndiye aliyejibu.

"Na wewe ni nani wake?" muuguzi akamwuliza.

Subana alifungua mdomo. Jirani, alitaka kusema. Fundi wake.

"Mkwe wangu," mama akamtangulia. "Mke wa mwanangu."

Muuguzi akatabasamu. "Una bahati, mama. Siku hizi wakwe wanaleta wazee wanawatupa kwenye benchi. Na mwanao mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Wanaume," muuguzi akasema, akaenda kuchukua vidonge.

Subana alijaribu kutazama ukuta, akajaribu kutazama mlango, halafu akashindwa, akalia pale kwenye kiti cha kliniki kwa kilio ambacho hakuwa amekilia sakristia, wala uani, wala msibani kwa shangazi. Mama hakumwambia anyamaze. Alimvuta kichwa akakilaza kifuani pake, akawa anamfuta uso kwa ncha ya mtandio, mpaka muuguzi aliporudi na dawa na kuwaeleza zinamezwa vipi.